Milamula Kwenye Njia ya Baisikeli

Jumatatu, 10 Machi 1952

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Nimelipindua, naanzia nyuma. Naandika Kiswahili kwa sababu Mae, mama yangu, husoma Kihaya cha Biblia tu, na Bwana Tarrant, Mzungu wa serikali, husoma Kiingereza tu, ingawa mwenyewe anadhani Kiswahili anakijua. Kati ya hao wawili pana nafasi ya mtu mwenye haya kukaa na kusema ukweli.

Leo nimeanza kazi. Serikali inataka njia ya baisikeli kutoka Muleba mpaka Bukoba mjini, kupitia Nshamba na Kamachumu, maili arobaini na kitu. Masika yakishika, malori hukwama na kahawa huoza ghalani, lakini mwenye baisikeli na magunia mawili hupita popote penye upana wa usukani wake. Karani aliyekuwa aandike kitabu cha njia ameugua manjano. Mchungaji akamwambia Bwana Tarrant kuna binti wa marehemu mwalimu Nathanael, Kokwijuka, miaka kumi na sita, amemaliza darasa la nane, mwandiko kama wa chapa, Kiswahili na Kiingereza.

"Ila hasemi," Mchungaji akaongeza.

"Kitabu hakisemi vilevile," akajibu Bwana Tarrant, akacheka peke yake.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 12 Machi

Kazi yenyewe iko hivi. Bwana Tarrant anatangulia na ramani. Datius anafuata na baisikeli yenye magunia mawili ya kahawa, na kwenye tairi la mbele amefunga kitambaa chekundu. Kila kitambaa kinapofika juu, tumekwenda futi saba na inchi nne. Mimi nyuma nahesabu. Datius akipanda kilima bila kushuka naandika "sawa". Akishuka naandika "kusukuma". Pakiwa na kusukuma kwingi tunatafuta njia nyingine. Kila maili saba lazima pawe na kituo: maji, kivuli, na mtu anayejua kuziba pancha.

Datius ni Mkatoliki wa Izimbya, na mdomo wake hauna breki.

"Mwalimu Kimya! Nimefika ngapi?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Siku utakayoolewa, mumeo atadhani ameletewa picha."

Nilicheka kwa ndani. Hakuona.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Maili mbili na nusu.

Jumatano, 19 Machi

Vigingi vinaibwa. Tunachomeka vya mbao vilivyopakwa chokaa, tukirudi kesho yake havipo. Vingine vimekuwa kuni, vingine mipini ya majembe. Kimoja tulikikuta kimefungiwa mbuzi, na mwenye mbuzi akatushukuru kwa kumchongea. Bwana Tarrant alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Maili tisa inabidi zipimwe upya.

Jumamosi, 22 Machi

Mae alitaka kupalilia kaburi la Tata, baba yangu. Lazima kwanza akaombe ruhusa kwa Byarugaba. Naandika haya polepole nisije nikachana karatasi.

Tata alikufa miaka miwili iliyopita, hana mtoto wa kiume. Ukoo ulikaa ukaamua: sehemu ya juu ya kibanja, yenye nyumba na kahawa, achukue Byarugaba, ambaye ni mtoto wa ndugu ya babu, kwangu mimi baba mdogo. Sehemu ya chini, yenye migomba mikubwa na kaburi, akae Mae mpaka kufa kwake. Akajengewa kibanda huko chini, karibu na rweya, ambako migomba inakwisha na nyasi tupu zinaanza. Mimi nilikuwa shuleni. Mae akaugua, akalazwa hospitali wiki tatu. Aliporudi alikuta milamula imepandwa hatua nne kutoka mlangoni pake, imenyooka kama uzi. Migomba na kaburi vimebaki upande wa pili.

Mulamula si mti wa kivuli wala wa kuni. Unakata fimbo yake, unaichomeka ardhini, inaota, na hapo ndipo mpaka. Ukiung'oa umekiri mwenyewe kuwa mwizi wa ardhi, na aibu hiyo watoto wako wataikuta. Mae alishitaki kwamba imepandwa bila mashahidi. Wazee wakamwuliza, "Ulikuwapo ulipopandwa?" Hakuwapo. "Basi umejuaje kwamba hapakuwa na mashahidi?" Kesi ikaisha, wakanywa rubisi ya Byarugaba.

Leo alikuwa amekaa kwenye kiti cha Tata, kile chenye mkono uliopasuka. Hakutukaribisha ndani.

"Palilia, mke wa ndugu yangu. Ila usinikanyagie maharagwe."

"Asante, waitu," Mae akasema, kwa lile neno la kumheshimu mkubwa, akapiga magoti.

Byarugaba nitamsamehe mengine, labda, nikizeeka. Ile asante sitamsamehe.

Alhamisi, 27 Machi

Vigingi kumi na vinne vimeibwa tena. Nilimwandikia Bwana Tarrant barua, ingawa alikuwa amesimama mbele yangu, nikampa mkononi. Niliandika: tutumie fimbo za milamula badala ya vigingi. Hazina gharama, zinaota zenyewe, na katika nchi hii hakuna atakayezigusa.

Akasoma mara mbili. "Kwa nini hawatazigusa?"

Nikanyamaza. Akadhani ni haya.

"Desturi, eh? Vizuri sana, vizuri sana."

Datius alikunja uso. "Mwalimu Kimya, mulamula ni mpaka, siyo alama ya barabarani. Watu watasoma wanachojua kusoma."

Nikainua mabega. Lakini daftari hili nililianza ili niseme ukweli, basi niseme: nilikuwa nimeona kwenye ramani kwamba njia itapita kwetu. Nilijua milamula inavyosomwa.

Jumatatu, 31 Machi

Milamula imesimama maili kumi na moja. Haujaguswa hata mmoja. Bwana Tarrant amenipa penseli mpya ya rangi mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tumefika kijijini kwetu.

Kuna njia mbili za kupita. Moja ni kuzunguka kwa chini, kwenye rweya, nyasi tupu, inaongeza nusu maili. Nyingine inakata katikati ya vibanja, na ramani ya Bwana Tarrant ilipoinyoosha, ilipita kwenye kahawa ya Byarugaba. Siyo pembeni. Katikati.

Bwana Tarrant hapendi kupita kwenye vibanja kama pana njia nyingine. Akamwita mzee Ndyamukama, mkubwa wa ukoo wetu, akaniambia nimwulize kama rweya inapitika masika. Datius hakuwapo. Mnyororo wake ulikatika asubuhi, akabaki Nshamba kutengeneza.

Ndyamukama akasema kwa Kihaya, taratibu, kama anavyosema mambo yote: "Rweya hiyo hainywi maji, mwana wange, inayapitisha. Hata Aprili unapita hujavua viatu. Baba zetu walipitisha chumvi hapo."

Bwana Tarrant akanigeukia. "Anasemaje?"

Nimekaa na watu hawa wiki tatu bila kutoa sentensi nzima. Leo niliitoa, kwa Kiingereza, na sauti yangu haikutetemeka: mzee anasema rweya inafurika kuanzia Machi mpaka Juni, na mwaka juzi ilimeza ng'ombe.

Ng'ombe nilimwongeza mwenyewe. Sijui alitoka wapi.

Ndyamukama alikuwa ananitazama kwa upole, akidhani nimemfikishia maneno yake. Nikayaandika kwenye kitabu cha njia kwa wino, ukurasa wa thelathini na tatu. Halafu nikaandika tena kwa Kiswahili chini yake, uongo ule ule, mwandiko ule ule kama wa chapa.

Njiani kurudi nilikuwa naimba. Mae aliniuliza kuna nini. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri.

Alhamisi, 3 Aprili

Njia ina upana wa futi nne. Ilibidi mibuni kumi na moja tu ikatwe, na Bwana Tarrant akamwahidi Byarugaba fidia. Byarugaba alifurahi. Alileta ndizi za kuchoma. Akasema mbele ya watu kwamba yeye ni mtu wa maendeleo, na kwamba barabara ya serikali kupita kwa mtu ni heshima.

Halafu vibarua wakaja na fimbo za milamula.

Nilikuwa nimesimama na kitabu kifuani. Walipochomeka ya tatu alinyamaza. Walipofika ya kumi akaanza kuifuata fimbo moja moja kwa macho, juu kwenye nyumba, chini kwenye kahawa, juu, chini. Nyumba yake upande huu. Mibuni sitini na mitatu upande ule.

"Mnachomeka nini hapa?"

"Alama ya njia, mzee," kibarua akamwambia. Ni mtu wa mbali, alikuwa anafuata alichoambiwa.

"Alama gani ya njia inaitwa mulamula?"

Akanitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu, kama kawaida yangu. Havikuwahi kunipendeza kama leo.

Jumapili, 13 Aprili

Pasaka. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Nilihesabu mbao za dari.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua siku nne. Milamula yote imeota majani.

Jumatano, 23 Aprili

Tuko Kamachumu, tunashuka kwenye mteremko wa kwenda Muhutwe. Kusukuma, kusukuma, kusukuma. Bwana Tarrant anataka njia ipinde mara sita ili mwenye mzigo asishike breki mpaka zikaungua. Datius ameteremka mara tano leo, mara mbili kwa matako.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi nyumbani kwa siku tatu, na nimekuta jambo tamu.

Kahawa ya Byarugaba imeiva. Alikodi wanawake wa kuchuma, wakaja na vikapu vyao, wakachuma upande wa nyumba vizuri kabisa, na walipofika kwenye milamula wakasimama. Nilikuwa juu ya njia, nikasikia kila neno.

"Endeleeni," Byarugaba akasema.

"Wapi, waitu?"

"Hapo mbele. Kahawa si mnaiona?"

"Kahawa tunaiona. Na mulamula tunauona."

"Hiyo ni fimbo ya Mzungu!"

"Fimbo ya Mzungu imeota majani ya Kihaya," akasema mmoja, na wenzake wakacheka wakiwa wameziba midomo. "Lete mashahidi, waitu, watuonyeshe mpaka uko wapi, tutachuma mpaka ziwani."

Hakuthubutu kuvuka hata yeye. Watu walikuwa wanatazama. Kahawa inaiva mpaka inakuwa nyeusi, inaanguka, ndege wanakula. Kila jioni kabla ya jua kuzama napita pale na ndoo, ingawa kisima kiko upande mwingine.

Nilimsimulia Mae nikidhani atacheka. Aliendelea kumenya ndizi.

"Ni kahawa aliyoipanda baba yako," akasema.

Jumatano, 14 Mei

Datius anajua.

Leo alikuja anatoka Muleba, matope mpaka magotini, akaegesha baisikeli mbele yangu na magunia yote mawili.

"Nimepita rweya ya kwenu," akasema. "Masika yote haya. Sikushuka hata mara moja. Mnyororo haujalowa."

Nikaendelea kuandika.

"Nikauliza habari za ng'ombe aliyemezwa. Watoto wamecheka mpaka wamelala chini. Kokwijuka." Hajawahi kuniita jina langu. "Ni nani alikwambia rweya inafurika?"

Wino ulidondoka kwenye ukurasa.

"Yule mwenye kahawa," akasema, "alikufanyia nini?"

Nilimwambia yote. Kaburi, maharagwe, asante. Sijui yalichukua muda gani. Alikaa juu ya gunia akasikiliza, mara ya kwanza kumwona amefunga mdomo. Mwishoni akapiga mluzi.

"Basi anastahili," akasema. "Lakini siyo kwake peke yake ulikopanda. Umepanda maili arobaini."

Jumanne, 20 Mei

Nilikwenda na Datius kukagua kituo cha pancha karibu na Nshamba. Pale njia imekata kibanja cha mwanamke mmoja mjane, jina lake Immakulata. Tulimkuta ameketi ukingoni mwa njia amejifunika kitenge, na watoto wawili wanacheza na tairi bovu. Upande wa pili wa milamula, mwanamume alikuwa anakata ndizi.

"Yule ni Philbert, ndugu wa marehemu mume wangu," akasema. "Zile ndizi zilikuwa zangu mpaka Pasaka. Amesema serikali imeweka mulamula, na chini ya mulamula si kwangu tena."

Datius akapaza sauti: "We Philbert! Hiyo ni njia ya baisikeli!"

"Ni njia," Philbert akajibu bila kuacha kukata. "Na mulamula ni mulamula. Kama serikali haikutaka mpaka, ingepanda mchaichai."

Mama Immakulata akanitazama, akaona kitabu. "Ndiwe mwandishi wa miti hii? Nisomee basi, binti yangu. Mimi sikwenda shule. Imeandikwa kwamba nihame?"

"Hapana, mae."

"Basi mwambie yeye."

Philbert alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kwa Bwana Tarrant, kwa Kiingereza, uongo ulitoka wenyewe kama maji. Na huu ukweli mfupi, kwa lugha niliyonyonyeshwa nayo, ulinikwama. Mama Immakulata akasubiri, halafu akasema, "Haidhuru," akanipa na ndizi mbili mbivu za kula njiani. Alikuwa nazo tatu.

Tulipofika mteremkoni Datius akasema: "Wako wengine saba kati ya hapa na Kamachumu. Watano ni wajane."

Alhamisi, 22 Mei

Nimejiambia: Immakulata si Mae. Nimejiambia tena baada ya chakula.

Ijumaa, 23 Mei

Nikienda kwa Bwana Tarrant kusema ukweli, milamula inang'olewa, Immakulata anarudishiwa ndizi zake. Na Byarugaba anarudishiwa mibuni sitini na mitatu. Ataichuma akiimba, na ataketi kwenye kiti cha Tata ikikauka.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu sina pengine: sitaki. Nataka Immakulata apate chake na Byarugaba akose. Nimekaa siku nzima natafuta njia yenye kusukuma kidogo, na haipo.

Jumatano, 28 Mei

Byarugaba amekuja kwetu. Mchana, kwa miguu, na mkungu wa ndizi begani, yeye mwenyewe, siyo kwa kutuma mtu. Aliinama mlangoni kwetu. Ni mlango mfupi, lakini nilifurahi hata hivyo.

"Mke wa ndugu yangu, mmeamkaje?"

"Tumeamka, waitu. Karibu."

Akazungumza habari za mvua. Za ndege. Hatimaye akafika.

"Binti yako ni mtu wa karatasi. Amwandikie Mzungu maneno mawili tu. Amwambie mulamula hauwi mulamula kwa kuchomekwa. Lazima kila upande ulete shahidi wake, wasimame, waone. Mulamula uliopandwa na upande mmoja ni kuni. Kila Mhaya anajua hilo."

Mae alikuwa anaosha mikono. Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

Nikainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu mazishi.

"Waitu," nikasema, "karatasi ya mtoto haina nguvu. Yaseme mwenyewe barazani, kama ulivyoyasema hapa. Mimi nitayaandika na kuyasoma mbele ya watu, nawe utatia dole gumba. Hapo hata Mzungu hawezi kukataa."

Akatabasamu polepole, kama mtu aliyekuta shilingi kwenye koti la zamani.

"Umekua, binti wa Nathanael. Umekuwa na akili ya baba yako."

Alipoondoka Mae akasema, "Kokwijuka, unafanya nini?"

"Nampikia, Mae."

Leo hii nimemwandikia Bwana Tarrant majina manane ya walionyang'anywa, la Immakulata la kwanza, nikaomba baraza liitishwe Nshamba.

Jumanne, 3 Juni

Baraza ni tarehe kumi na mbili.

Alhamisi, 12 Juni

Watu walijaa mpaka kwenye maduka ya Nshamba. Bwana Tarrant mezani, mimi kando yake na kitabu. Mama Immakulata alikaa chini mbele kabisa na watoto wake. Philbert alisimama nyuma. Datius alijitundika juu ya baisikeli yake ili aone.

Byarugaba ndiye aliyeombwa aseme kwanza, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye kahawa. Alivaa kanzu nyeupe na koti. Alisema vizuri. Alisema desturi yetu ni ya zamani kuliko barabara, na mulamula hupandwa kwa kiapo. Kila upande shahidi wake, wote wawili wakiwa hai na wakiwa wamesimama pale. "Bila hivyo, mulamula ni kuni, na aliyeupanda amepoteza jasho lake, awe Mzungu au awe Mhaya!"

Watu wakapiga makofi. Mama Immakulata alilia. Philbert akaanza kutafuta njia ya kutokea.

Niliandika kila neno. Kazi ya mwandishi ni kusoma alichoandika mbele ya aliyesema, athibitishe. Nikasimama. Nilianza kusoma, na watu wakasema, "Sauti! Sauti!" Nikaongeza. Nilipofika "awe Mzungu au awe Mhaya" sauti yangu ilikuwa inafika kwenye baisikeli ya Datius, kwa maana aliinua kidole gumba.

"Ndivyo ulivyosema, waitu?"

"Ndivyo."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akakandamiza.

Sikukaa chini.

"Waitu, nina swali moja la kuandika. Milamula uliyopanda kwenye mlango wa mama yangu, shahidi wa upande wake alikuwa nani?"

Byarugaba alicheka kidogo.

"Kesi hiyo ilikwisha."

"Jina tu, waitu. Nimeacha nafasi."

"Ndyamukama alikuwapo!"

Watu wakageuka wote. Mzee Ndyamukama alishika fimbo yake, akainuka polepole mpaka nikadhani hatafika juu.

"Nilikuwapo," akasema. "Uliniita wewe, nikasimama upande wako. Upande wa mjane palikuwa na mbuzi. Siku ya kesi sikuulizwa, nikanyamaza. Nilikosa. Leo nimeulizwa."

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Byarugaba aligeuka rangi, halafu akaninyooshea kidole chenye wino.

"Na yeye! Mwulizeni yeye! Ndyamukama alimwambia rweya ni kavu. Mbona njia ikapita kwenye kahawa yangu? Ni nani aliyeandika kwamba rweya inafurika?"

Bwana Tarrant alielewa neno rweya. Akafungua kitabu, ukurasa wa thelathini na tatu. Akanitazama.

Ningeweza kutazama viatu. Nilivitazama, kwa kweli, kidogo. Halafu nikasema kwa Kihaya ili watu wote wasikie, kisha kwa Kiingereza ili naye asikie: "Ni mimi. Mzee alisema ni kavu. Niliandika uongo. Hata milamula ni mimi niliyeitaka, nami nilijua itasomwaje. Mama Immakulata na wenzake saba wameumia kwa ajili yangu."

Hakuna aliyepiga makofi hapo. Mama Immakulata aliacha kulia, akanitazama muda mrefu, na macho yale nayastahili.

Baraza likaamua kabla ya saa tisa. Milamula yote isiyo na mashahidi wa kila upande haina nguvu, ile ya njia na ile ya mlangoni kwa Mae. Ya njia itang'olewa na vibarua, mawe yaliyopakwa chokaa yawekwe badala yake. Ya Byarugaba aing'oe aliyeipanda, kwa mkono wake, mbele ya ukoo.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Tarrant amenifukuza. Alisema kwa Kiingereza cha pole sana kwamba kitabu cha njia ambacho ukurasa mmoja ni wa uongo hakina kurasa za kweli. Inabidi wapime tena tangu Muleba. Hilo la kitabu liliniuma kuliko kufukuzwa, kwa sababu kurasa nyingine zote zilikuwa sawa kabisa, futi kwa futi.

Kwetu njia itapita rweya. Mibuni ya Byarugaba imerudi kwake, iliyobakizwa na ndege.

Datius alinipitia kuniaga. "Mwalimu Kimya," akasema, "ukianza kusema tena, tangaza mapema watu wakimbie."

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Nshamba kwa miguu kumwomba radhi mama Immakulata. Alinipa jembe. Nimelima mpaka jioni. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, alisema nirudi Alhamisi, maharagwe yake yamechelewa.

Jumamosi, 21 Juni

Ukoo mzima ulikuja. Ndyamukama aliletewa kigoda. Byarugaba alikuja bila koti, na jembe.

Milamula ni ishirini na saba. Karibu miaka miwili imekaa ardhini, haing'oki kwa mkono. Ule wa kwanza aliuchimba mpaka jasho likamdondoka puani. Watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti na hakuna aliyewakataza. Kila mulamula ukitoka aliulaza chini, na kila ukilazwa, mgomba mmoja zaidi ulikuwa wetu.

Mae alikuwa amesimama mlangoni. Kwenye wa kumi na mbili aliniita kwa sauti ndogo.

"Geuza uso, mwanangu. Ni mtu wa ukoo. Hatazamwi namna hiyo."

Mae aligeuza wake. Sikugeuza wangu. Nilikwenda nikasimama karibu zaidi, kwenye maharagwe, nikayakanyaga.

Kufikia wa ishirini na sita mikono yake ilikuwa inatoka damu. Alijiegemeza kwenye mpini, mzee kabisa ghafla, akainua macho akanikuta mimi.

"Kokwijuka," akasema taratibu, wengine wasisikie. "Nishikie hili jembe kidogo, mwana wange. Nipumue."

Alininyooshea mpini. Nilimtazama, nikamtazama, mpaka mkono wake ukachoka ukashuka. Sikumjibu neno. Watu wakadhani ni haya yangu ya siku zote.

Haikuwa haya.